Fundi Aliyeikimbiza Mashine

Fundi hakuwahi kukiamini kitu kwa sababu tu kimewaka. Ukimwambia redio yako imepona, anakuuliza imepona tangu lini. Ukimjibu tangu asubuhi, anakutazama kama mtu aliyemletea habari kwamba mtoto mchanga keshaoa. "Kuwaka siyo kupona," alikuwa anasema, na aliyasema maneno hayo kuhusu jenereta, kuhusu ndoa za watu, kuhusu goti lake la kushoto, na hasa kuhusu ile kompyuta.

Mtaa mzima tulimwita Fundi, ingawa hakuna aliyewahi kumpelekea kitu kikarudi kwa wakati. Alikuwa mstaafu wa mitambo ya kusukuma maji kule Ruvu, akapanga vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu hapa Kibaha. Dirisha la jiko lake lilitazamana na banda langu. Kwa miaka tisa harufu ya kuku wangu ilikuwa yake, na harufu ya dagaa wake ilikuwa yangu. Sijui kama kuna ujirani kuzidi huo.

Kuhusu mimi hakuna mengi. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani kusubiri matokeo, na kwa namna fulani bado nimekaa. Nafuga kuku wa mayai, na wateja wanakuja wenyewe getini. Nikifika Mlandizi nahesabu nimesafiri. Fundi alikuwa na jina moja tu kwangu: Mwali. "Mwali, leo umechungulia nje?" "Mwali, watakucheza lini?" Mwali wa kweli anawekwa ndani miezi kadhaa, kisha anachezwa ngoma anatoka. Mimi nilikuwa na ndevu na karibu miaka ishirini ya kuwekwa ndani, na ngoma sikuisikia hata kwa mbali.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwali. Mkole haujakatwa bado?"

Mkole ni mti wa ngoma ya kumtoa mwali, na hivyo ndivyo tulivyoanza karibu kila siku.

Alikuwa na tabia ya kuzishika mashine. Anaweka kiganja ubavuni, anafumba macho, anatulia kama mkunga. Alisema Ruvu alikuwa anaijua pampu yenye beringi mbovu kabla mshale wa kipimo haujasogea. Kompyuta nayo aliifanyia hivyo hivyo, ingawa pale kwenye kioo kulikuwa na programu inayoonyesha joto la prosesa kwa nyuzi kamili. Kwanza kiganja, anakisia, ndipo anafungua macho kusoma. Kiganja na kioo vikitofautiana, alikishuku kioo.

Alikuwa mtu wa tahadhari kwenye mashine tu. Barabara kuu ya Morogoro aliivuka huku anakueleza jambo, mgongo ukiyatazama malori. Alinisema kwa kutohifadhi nakala za picha zangu, naye ufunguo wa mlango alikuwa nao mmoja tu, na mara mbili tulivunja kitasa. Alisema hapendi wageni, wanamaliza sukari. Lakini kila jioni alisonga ugali wa watu wawili, kisha ananiita dirishani kwamba kimebaki, nisaidie kisitupwe. Chakula kilibaki kila siku kwa miaka tisa. Hakuna siku alikosea kipimo.

Kompyuta aliinunua kwenye mnada wa ofisi fulani, ya mezani, nzito kama jiwe la kusagia. Watu walidhani anataka kuangalia mpira. Alikuwa anataka drafti.

Hapo lazima nieleze. Ruvu, zamu yake ilikuwa ya watu wawili, yeye na mwenzake mmoja ambaye sasa anaishi Kisarawe. Walicheza drafti kwa vizibo vya soda, ubao umechorwa kwa rangi juu ya boksi la spana. Mchezo wao wa mwisho, wiki ambayo mwenzake alikuwa anastaafu, ulifika mahali kila mmoja amebakiwa na vizibo saba. Mwenzake akasema, umefungwa, hesabu mwenyewe. Fundi akasema ni sare. Wakabishana mpaka zamu nyingine ikaingia, watu wakataka mahali pa kuweka chai, vizibo vikazolewa. Pengine yangeishia hapo. Ila kwenye sherehe ya kuagwa, mbele ya wafanyakazi wote, yule mzee akashika kipaza sauti na kusema anaondoka Ruvu akiwa ameacha nyuma mtu mmoja ambaye yeye amemfunga. Watu wakacheka. Fundi akainuka na sahani yake ya pilau, akaenda kuimalizia nyumbani.

Hawakusemeshana tena, miaka kumi na moja. Siku ile vizibo vilipozolewa Fundi alikwenda akauchora ule ubao kwenye daftari la hesabu kabla hajavua ovaroli, kila kizibo mahali pake. Mimi hilo daftari nimeliona. Lilikuwa limekunjwa na kukunjuliwa mpaka linashika kama kitambaa.

Mtaani hakucheza drafti na mtu. Vijana wa kijiweni walisema anafikiri sana, mtu anaweza kwenda kunyolewa akarudi bado hajasogeza kete. Kwa hiyo akatafuta programu ya drafti inayoweza kupewa ubao wowote na kuufuata kila njia mpaka mwisho, ikasema nani anashinda. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, akaniita nisome. Kiingereza changu cha kidato cha nne kinatosha kusoma kopo la dawa ya kuku, lakini tulifika.

Tatizo likawa muda. Kwa mwendo wa kiwandani, ile kompyuta ilihitaji siku sita kuumaliza ubao wa Fundi, na programu haikuwa na uwezo wa kuhifadhi kazi nusu. Ukikatika umeme, unaanza moja. Na wakati ule mtaani kwetu umeme kufikisha siku sita bila kukatika ilikuwa ni hadithi. Betri yake ya kushikilia umeme ilidumu dakika za kunywa chai. Nikamwambia asubiri, umeme utatengemaa. Akanijibu kwamba yeye na mwenzake wote wamevuka sabini, kwa hiyo nimwambie ni nani kati yao nilikuwa namshauri asubiri.

Akaamua kuikimbiza. Ndivyo alivyoita: kuikimbiza mashine. Kumbe prosesa nyingine zinaruhusu uzipandishie mwendo kupita ule ziliotoka nao kiwandani, na yake ilikuwa mojawapo. Alitaka siku sita ziwe pungufu ya tano.

Kijana angemaliza hiyo kazi kwa jioni moja na kuchoma kitu. Fundi alitumia miezi minane. Kwanza alihamisha mafaili yote kwenye flashi, hata yale ambayo hakujua ni ya nini. Akafungua ubavu, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, mpole, kwa mbali. Akatoa lile dude la chuma linalokaa juu ya prosesa kuinyonya joto, akakwangua pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama ukoko, akaweka mpya kiasi cha punje ya choroko. Mimi nilitaka aongeze. Akaniuliza kama kwangu napaka siagi kwenye mkate au mkate kwenye siagi.

Kisha akaingia kwenye ile menyu inayotokea kabla kompyuta haijaamka sawasawa, akapandisha mwendo ngazi moja. Moja tu, na hakugusa kingine. Hiyo ilikuwa sheria: ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, mashine ikiugua hujui umlaumu nani. Baada ya ngazi, mtihani. Kuna programu inayoipa prosesa hesabu ngumu ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Prosesa ile ilikuwa na vichwa vinne, yeye aliviita silinda, na kila kimoja kilikuwa na mstari wake kwenye kioo. Kikitoa jibu tofauti na lile linalojulikana, mstari wake unageuka mwekundu na kinasimama.

Mtihani wa muda wa saa moja aliuita salamu. Wa asubuhi aliuita wa chekechea, kwa sababu hewa bado ya baridi. Alitaka saa ishirini na nne, zikiwemo za mchana, saa nane, bati linapolia. Joto likigusa nyuzi themanini anarudi ngazi, hata kama kitabu cha mtengenezaji kinaruhusu zaidi. "Mtengenezaji hakai Kibaha," alisema. Voltiji aliiongeza kama mtu anayetia chumvi kwenye uji wa mgonjwa. Na siku mashine ilipogoma kabisa, kioo kikaganda na ikajizima, hakuhuzunika. Alisema sasa tumeuona ukuta. Akarudi ngazi mbili: moja kwa ajili ya ukuta, nyingine kwa ajili ya joto la mwezi wa pili.

Ile ya kujizima hakuiogopa hata kidogo. "Inayozima imekuambia ukweli," aliniambia. "Iogope inayokujibu vibaya huku inang'aa." Programu ya drafti haikuwa na majibu ya kulinganisha. Silinda moja ikiteleza mahali fulani katikati ya zile siku tano, ingempa tu mshindi, kwa utulivu kabisa, na asingejua. Ndiyo maana mtihani wa mwisho, kwenye mwendo ule ule aliotaka kuutumia, kwake ulikuwa jambo la kuvulia kofia.

Siku ya mtihani wa mwisho akafiwa na shangazi yake kule Janga. Ikabidi aende. Angeahirisha, lakini mwezi ulikuwa huo wa pili, joto lilikuwa lenyewe, na mlinzi alikuwa naye. Nani mwingine katika Kibaha nzima una hakika kesho utamkuta nyumbani? Akanikabidhi ufunguo na daftari. Kila saa niandike nyuzi. Feni ya mezani ielekezwe kwenye ubavu ulio wazi wa mashine, isiguswe.

"Isiguswe, Mwali. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Fundi."

Nililinda vizuri. Nataka hilo lijulikane. Nililinda tangu saa kumi jioni alipoondoka, na usiku niliamka kila saa, na asubuhi mistari yote minne bado ilikuwa mizima. Ikaja saa saba mchana. Chumba kile kilikuwa tanuri. Mashine ina feni, na mimi niliyeilinda sina. Nikasema naigeuza dakika tano tu, nipate pumzi.

Niliamka saa kumi kasoro na shati limekauka. Mstari wa silinda ya tatu ulikuwa mwekundu.

Nilikaa nikiutazama. Nikajiambia kosa ni la feni, si la mwendo, kwa hiyo mashine yenyewe ni nzima. Hoja hiyo ilikuwa nzuri, na kama ningekuwa naiamini ningemweleza Fundi. Nikairudisha feni mahali pake, nikazima mtihani, nikachukua kalamu na kujaza zile saa nilizolala kwa mwandiko wangu bora. Alirudi jioni na vumbi la Janga magotini na mihogo mkononi. Hakukaa. Akauliza imepita? Nikasema imepita, Fundi, nimeizima ipumzike. Akalisoma daftari muda mrefu, nikadhani ni miwani. Kisha akaandika chini yake: Imepita.

Siku nne na nusu mashine ilipiga hesabu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuomba umeme ukatike, na haukukatika hata mara moja. Siku ya tano kioo kikatoa jibu. Fundi amefungwa.

Alikaa kwenye kigoda, kiganja kikiwa bado ubavuni mwa mashine. "Basi alikuwa sahihi," akasema. Kesho yake akavaa suruali ya kanisani, akapaka viatu rangi, aende Kisarawe kwa mwenzake. Nilikuwa getini akipita. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema kwamba jibu lile lina doa, kwamba pengine anakwenda kuinamisha kichwa kwa kosa ambalo halikuwa lake. Nikamtakia safari njema.

Alirudi baada ya siku tatu na fenesi begani, anacheka peke yake. Mwenzake hakumsimanga hata kidogo. Alimfungulia mlango, akamtazama, akaenda kuchota maji ya kuoga. Ni mjane, Fundi alisema, nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Mwezi uliofuata akaenda tena. Halafu akawa anaenda kila baada ya wiki mbili. Halafu siku moja akaja na kijana wa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kuchukua kitanda. Kompyuta aliniachia mimi. Alisema kule wana ubao, hawana haja ya kuulizia mtu wa tatu.

Hivyo ndivyo nilivyojifukuzia jirani, kwa feni. Vyumba vyake vikapangwa na bwana mmoja anayefanya kazi Dar. Anatoka kabla ya jua na kurudi keshakula. Jikoni kwake hakunuki chochote. Hakuna anayeniuliza kama nimetoka. Jioni nilikuwa nasonga ugali wangu na mara kadhaa nikakuta nimesonga wa wawili, halafu naula wote, maana kwa upande huo sijawahi kushindwa.

Baadaye umeme kweli ukatengemaa. Nikairudisha kompyuta kwenye mwendo wa kiwandani, ule wa pole, nikaipa ubao wa Fundi. Siku sita. Nikairudia, maana alikuwa anasema jibu la mara moja ni tetesi. Siku sita nyingine. Mara zote mbili ikajibu jambo moja: sare. Alikuwa sahihi tangu siku ile ya vizibo.

Nikaliandika kwenye karatasi, nikaitia mfuko wa shati, nikamwomba dada muuza mboga anitazamie banda, nikapanda mabasi mawili mpaka Kisarawe. Mimi.

Nilimkuta kibarazani, amepungua, mkono wa kulia unatetema kidogo, ubao juu ya stuli mbele yake. Mwenzake alikuwa amekwenda dukani kufuata sukari. Baada ya shikamoo na marahaba na mzaha wa nani kanitoa ndani, niliona nikisubiri sitasema.

"Fundi, ile siku uliyokwenda Janga..."

"Saa nane mchana uliniandikia sitini na nne," akasema, macho kwenye ubao. "Mwezi wa pili. Chini ya bati. Mwali, wewe mwenyewe ulikuwa zaidi ya sitini na nne."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini aliandika imepita, kwa nini aliiwasha mashine.

Akasogeza kizibo, akakirudisha. "Ningekuwa na hakika ni sare, ningekaa nayo ndani mpaka nizikwe nayo. Ningekuwa na hakika nimefungwa, aibu isingenipandisha basi. Nilikuwa nataka jibu ambalo si lazima niliamini sana. Ukaniletea."

Mkono wangu ulikuwa umeshakwenda mfukoni. Akauona.

"Umerudia?"

"Mara mbili."

"Usiniambie." Alilisema upesi, kama mtu anayezuia glasi isianguke. Kisha, taratibu: "Mwenzangu ana raha. Hujui chai inavyopikwa na mtu aliyeshinda."

Mwenzake akarudi, mzee mrefu, mcheshi, sukari kwenye karatasi. Alipika chai, na kweli ilikuwa chai. Walicheza michezo miwili mbele yangu, wakitukanana kwa adabu. Alasiri nikaaga. Fundi hakuinuka, goti, akanishika mkono kwa muda kidogo kuliko desturi. Mwenzake akanisindikiza stendi.

Njiani akaniuliza kama mimi ndiye yule kijana aliyelinda kompyuta. Nikasema ndiye.

"Na ilisema mimi nimeshinda?"

"Ilisema hivyo, mzee."

"Ajabu sana," akasema. "Mimi nilihesabu upya siku ile ile, kabla sijafika nyumbani. Ilikuwa sare."

Nikasimama. Nikamuuliza, sasa kipaza sauti kilikuwa cha nini.

"Ulikuwa utani, mwanangu. Nilitegemea anijibu, tubishane, watu wacheke. Yeye akaondoka na sahani." Akatazama nyuma tulikotoka. "Miaka kumi na moja nimekaa natafuta namna ya kwenda kumwambia. Akaja mwenyewe kukubali kwamba kafungwa. Nikimwambia leo, atachukua kitanda chake. Kwa hiyo wewe na mimi hatukuongea."

Nikasema hatukuongea.

Hakungoja basi liondoke. Alisema akimwacha mwenzake peke yake na ubao kwa muda mrefu anaanza kuhesabu, na hilo hataki. Akageuka, akaharakisha kwa hatua zake ndefu. Mimi nikapanda, nikakaa dirishani na karatasi yangu mfukoni, na kiti cha pembeni kikabaki wazi mpaka Pugu.